BMW, DKW au NSU: kiwanda gani cha Ujerumani kimeacha alama kubwa zaidi?

FundiSpoki: Wakuu, ubishi wa gereji umenishinda. Vijana wanasema pikipiki ya Mjerumani ni BMW, basi. Tuwaweke watatu mezani.

BMW waliingia kwenye pikipiki 1923 na R32, baada ya Mkataba wa Versailles kuwafungia kazi ya injini za ndege. Mhandisi wao Max Friz akalaza silinda mbili, moja kila upande, zote zipigwe na upepo, na akatupa cheni akaweka shafti. 494 cc, nguvu ya farasi 8.5. Mpangilio huo bado unauzwa.

DKW wa Zschopau, Saxony, walishika injini ya mipigo miwili: vali hakuna, oili unachanganya na petroli humo humo kwenye tangi, bei ya mtu wa kawaida. Mwishoni mwa miaka ya 1920 walikuwa wakubwa kuliko wote duniani. NSU wa Neckarsulm walitoka kwenye mashine za kufuma, wakaingia baiskeli 1886, pikipiki 1901, na 1955 wakaongoza dunia.

Kura yangu DKW.

Mzee wa Cheni: BMW. Wengine wako makumbusho, huyu yuko barabarani. Mnataka ushahidi gani tena?

DadaGia: Shikamoo mzee wangu, ila huyo wako alipona chupuchupu. Desemba 1959 wanahisa waliletewa mpango wa kuiuza BMW kwa Daimler-Benz. Wanahisa wadogo wakagoma, ndipo Herbert Quandt akaingiza pesa zake. Tena kilichowanyanyua ni gari, BMW 700, si pikipiki.

Sasa tazama RT 125 ya DKW, ya 1939. Baada ya vita Wasovieti walibeba mitambo ya Zschopau wakaitengeneza kwao. Waingereza wakatoa BSA Bantam 1948: injini ile ile, wameigeuza kama kwenye kioo ili gia ikae mguu wa kulia walivyozoea. Harley-Davidson wakaichukua. Yamaha nao, pikipiki yao ya kwanza kabisa, YA-1 ya 1955, ni huyo huyo. R32 ilizaa watoto wangapi wa namna hiyo?

Kibao77: Swali la mgeni: kama DKW na NSU walikuwa wakubwa hivyo, nini kiliwaua?

DadaGia: Paa la gari. Katikati ya miaka ya 1950 mishahara ilipanda, na mtu mwenye mke na mtoto akaona bora kigari kidogo cha Goggomobil au Volkswagen kuliko kulowana. Soko la pikipiki likaporomoka. NSU walijishikiza kwa Quickly, kipikipiki chenye pedeli kilichouzwa zaidi ya milioni moja, halafu wakazamisha pesa kwenye injini ya Wankel, ile ambayo pistoni yake huzunguka badala ya kupanda na kushuka. 1969 Volkswagen wakawameza, wakawaunganisha na Auto Union, kampuni iliyokuwa na DKW ndani yake. Zündapp, kiwanda kingine cha pikipiki kilichoanzia Nuremberg, walivumilia hadi 1984, mitambo ikauzwa China.

BaiskeliKwanza: Mnaruka baiskeli kama hazipo! Opel, kabla ya magari, walianza baiskeli 1886, na miaka ya 1920 walikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa duniani. Miaka ya 1930 wakawauzia NSU kazi hiyo. Ila mimi kura yangu Fichtel & Sachs wa Schweinfurt, kwa Torpedo ya 1903, kitovu cha gurudumu la nyuma la baiskeli. Unakanyaga mbele, unakwenda. Ukituliza miguu, gurudumu linazunguka lenyewe. Ukirudisha pedeli nyuma, breki, na yote yamo ndani ya kitovu cha gurudumu, tope haligusi kitu.

FundiSpoki: Torpedo nakubali, lakini hicho ni kipuri, mkuu. Na Zschopau haikuishia DKW. Chini ya jina MZ, Ujerumani Mashariki, mhandisi Walter Kaaden alikamua nguvu za ajabu kwenye mipigo miwili, hasa kwa umbo la ekzosti. 1961 mpanda pikipiki wao Ernst Degner akatorokea Magharibi na maarifa hayo. Mwaka uliofuata akachukua ubingwa wa dunia wa 50 cc, yuko juu ya Suzuki.

Mzee wa Cheni: Kwa hiyo Yamaha kachukua mchoro, Suzuki kachukua mtu. Haya, kwa kufundisha dunia nawapa DKW. Lakini shafti ya BMW sijaiona ikikatika njiani kama cheni zenu.