WANA WA NYUMBA YA SHELA 🌴 (watu 22)

Ijumaa

Swafiya 20:11
Asalam aleikum jamaa wote. Kama nilivyosema wiki jana na hakuna alonijibu isipokuwa Bakari na kile kibandiko chake cha punda, yule mteja wa kununua nyumba yuaja Jumapili na boti ya asubuhi, na huyu si wa kuja kupiga picha tu, ashaniulizia mpaka mambo ya wakili. Nataka kufika kesho magharibi kila tawi liwe lishasema ndio au la. Anaekubali aweke ✅, anaekataa aseme sababu, sio kunyamaza halafu baadae nasikia maneno kwa watu baki

Swafiya 20:43
Naona tiki za buluu kumi na saba

Bakari 20:44
🫏

Swafiya 20:44
Bakari usianze

Bakari 20:45
Si mimi dada, ni punda mwenyewe ataka fungu lake, mawe ya nyumba ile yote yalipita mgongoni mwake na hajalipwa mpaka leo

Rukia 20:46
😂😂😂

Swafiya 20:52
Haya tangazo aloandika dalali ni hili, musome musije kusema hamkuonyeshwa: "Nyumba ya kihistoria ya sultani, zaidi ya miaka 300, mawe ya matumbawe, zidaka (vishubaka vya ukutani), paa la makuti asilia, kisima, hatua chache kutoka ufuoni Shela"

Ami Twaha 21:05
Sultani gani?

Ami Twaha 21:08
Msikiti wa Ijumaa wenyewe umejengwa 1829 na wazee wetu wakitwambia nyumba ile ni ya baada ya msikiti, sasa hio miaka 300 kaitoa wapi. Na hizo hatua chache ni za nani, za ngamia?

Bakari 21:09
Mwachie ami, bei ya sultani si sawa na bei ya mvuvi

Fatma Doha 21:31
Mimi nasema LA. Shela yote imejaa nyumba za wageni, waliouza zamani leo wapita nje kwenye vichochoro wakiangalia maua ya watu. Kwani yetu haiwezi kupangishwa? Itengenezwe ipangishwe kila mtu apate chake kwa mwaka

Swafiya 21:33
Fatma mamangu, kupangisha kwataka choo chenye maji na paa lisilovuja. Ami mueleze hali ilivyo maana akija yeye huja Disemba kukavu

Ami Twaha 21:50
Hali ni kwamba paa la upande wa kusi limekwisha. Makuti yale yana mwaka wa tisa, na kuti zuri lililofungwa karibu karibu hata ulibembeleze halifiki mbali zaidi ya hapo, na haya yetu yalifungwa mbalimbali ili yatoshe, sasa ukisimama juu waona mbingu. Mvua ikishapata njia yatuama kwenye dari la chokaa, kutoka hapo yashuka taratibu, boriti mbili za ndani zimeoza vichwa pale zinapoingia ukutani, fundi amezigonga zalia kama debe tupu. Boriti ni mkoko, ikiwa kavu itakuzika wewe na mwanao, lakini hio ya kuloa kila masika haiwezi. Na ule ukuta alopiga saruji mtu fulani badala ya chokaa umefura wote, chumvi haina pa kutokea, lipu yabanduka na jiwe lenyewe lageuka unga ukiligusa

Mbarak 21:58
Mtu fulani ana jina. Ni mimi. Na saruji ilinunuliwa kwa sababu pesa ya chokaa ilikuwa ishatumika kwengine, mwenye kujua ajua

Swafiya 21:59
Mbarak sio leo

Mbarak 21:59
Nimeitwa nimeitika

Omari mdogo 22:14
Samahani naingilia, kwani UNESCO wanaruhusu kuuza? Nilisoma mahali

Ami Twaha 22:20
Hio ni mji wa kale wa Amu, yaani Lamu, mwanangu, uliingizwa 2001, Shela haimo. Na hata huko Amu nyumba zauzwa, kinachotakiwa ni usivunje na kubadilisha utakavyo bila kuuliza

Jumamosi

Swafiya 07:02
Sabahal kheri. ✅ ni mbili, yangu na ya Zuhura. Jamani

Swafiya 07:10
Kwa wanaoogopa kwamba tutapoteza ardhi milele, mteja ni mgeni na mgeni hapewi ardhi moja kwa moja. Katiba ya 2010 yasema asiye raia ni kukodishwa tu na isizidi miaka 99. Wakili atalieleza zaidi

Bakari 07:31
Basi vizuri, baada ya miaka 99 nitakuja na mkongojo wangu nigonge mlango niseme haya toka taimu imekwisha

Rukia 07:33
Mlango gani?

Bakari 07:33
😬

Rukia 07:36
Sikuuliza kwa ubaya. Nauliza tu mlango gani huo wa kugongwa, maana mimi nilipokwenda mwaka jana nilikuta mbao za sanduku zimepigwa misumari

Swafiya 07:40
Rukia hili tulilizungumza kwenye arubaini ya baba na likafungwa

Rukia 07:41
Lilifungwa na nani? Mimi nilikuwa jikoni

Mbarak 07:44
Mlango ulipelekwa kutengenezwa

Rukia 07:45
Miaka kumi na moja? Huo si mlango tena huo ni mwanafunzi, sasa hivi ungekuwa umeingia sekondari

Bakari 07:46
😂😂😂 wallahi umeniua

Fatma Doha 07:52
Na kama ulitoka nje ya nchi ni kosa, sheria ya makavazi ya 2006 haikubali vitu vya kale vitolewe bila kibali. Sisemi ulitoka. Nasema kama

Mbarak 07:53
Fatma umekaa huko kwenye kiyoyozi wajua sheria zote, ulipotakiwa mchango wa makuti hukuwa na bando

Swafiya 07:55
BASI. Hakuna kutaja mlango humu. Tuko kwa nyumba

Rukia 07:56
Nyumba bila mlango

Zuhura 10:20
Naweka ✅ yangu tena kama ya jana haikuonekana. Mimi nimechoka kuulizwa elfu tatu kila mvua

Fatma Doha 10:47
Hati iko kwa jina la nani?

Swafiya 10:49
La babu bado. Ndio maana mirathi lazima ipite kwa kadhi Lamu kwanza, kila mrithi aandikwe na aweke saini, ndio nawaharakisha, hii si kazi ya siku mbili

Fatma Doha 10:50
Na sisi wa tawi la Bi Time tumehesabiwa? Maana mara ya mwisho karatasi ilikuwa na matawi manne na babu hakuwa na manne

Swafiya 10:58
Mumehesabiwa. Mwanamume mafungu mawili mwanamke moja, na sikuyaandika mimi hayo. Bei nitamwambia kila mtu kwa simu, humu siandiki, kuna watu huonyesha majirani

Bakari 10:59
Ni 14?

Swafiya 10:59
Bakari!!

Bakari 11:00
Nimeambiwa na muuza samaki

Hafswa 13:26
Asalam aleikum. Nana Mwanaesha nilimsomea meseji zote za tangu jana ametuma sauti ya dakika nne, hii hapa juu, na naandika kwa wale walio kazini. Mwanzo ni dua naruka. Nimeandika alivyosema:

"Nyumba si ya kunililia mimi, mukitaka kuuza uzani. Mato hayaoni tena na ngazi siiwezi, na huo mlango wenu nawasikia, sitii neno. Lakini kisima kilicho nyuma si chenu. Babangu alikitoa wakfu, wakati ule mai ya mifereji hayayafika Shela, akawakalisha wazee barazani akasema na akasikiwa. Watu wakiya na mitungi alfajiri mbele ya swala na hakuna hata mmoya alofungiwa. Mai yale yatoka kwenye mtanga wa matuta, ni Mungu huyachuja, si mimi si nyinyi. Nasikia huyo mgeni ataka kutimba shimo la kuogelea papo. Mwambiani aoge baharini, bahari iko papo mbee yake. Mimi nimemaliza."

Hafswa 13:27
Baada ya hapo ameniambia nimpe simu yake alale

Swafiya 14:15
*Ujumbe huu umefutwa*

Ami Twaha 14:17
Swafiya

Swafiya 14:17
Naam ami

Ami Twaha 14:19
Nimeuona kabla hujafuta. Nana haulizwi karatasi

Swafiya 14:24
Nimekosa ami, nisamehewe. Nilichotaka kusema ni kwamba wakili atauliza, sio mimi

Ami Twaha 14:33
Akiuliza aambiwe aende kwa kadhi, kadhi ndie atakaejua wakfu wa mdomo wenye mashahidi wauchukuliaje. Mashahidi wenyewe wote washalala lakini wana wao wapo, na mimi nikiwa mdogo nimebeba ndoo pale na watu si wa kwetu. Hilo nalishuhudia mwenyewe

Bakari 14:40
Kwa hio sultani atanunua nyumba halafu asubuhi akitoka kunywa kahawa akute Mama Swaleh na ndoo zake 😂

Bakari 14:52
Oke nimenyamaza

Mbarak 15:10
Alosema Bakari ni mchezo lakini ndio swali lenyewe. Kisima kiko ndani ya ukuta wa nyuma. Kuna kile kichochoro cha upande wa punda, kikifunguliwa tena kisima chaweza kukatwa kikabaki nje. Mpima aje achore upya. Ila hapo nyumba yapungua na bei yapungua, na huyo mtu alikuja kwa sababu ya kile kiwanja

Zuhura 15:12
Kwa hio hataki tena?

Swafiya 15:20
Hajui bado! Mimi ndio wa kumwambia, na boti yake iko kesho saa tatu, mtanipa presha nyinyi

Fatma Doha 15:41
Mwambie ukweli. Au mwambie asije

Swafiya 15:43
Ashalipia hoteli Fatma

Swafiya 18:34
Magharibi imefika nafunga hesabu. ✅ nne. La mbili. Punda mbili. Waliobaki kimya. Hivi ndivyo itakavyokuwa kesho kama hakuna mwenye neno: ami atafungua nyumba mgeni aone, kisima aambiwe mapema kwamba kina maneno, bei isitajwe na mtu yeyote BAKARI, na wiki ijayo mimi na Mbarak twende kwa kadhi tukaulize

Rukia 18:36
Kwa nini Mbarak

Swafiya 18:37
Kwa sababu yuko Lamu

Rukia 18:37
Na mimi nitakuja basi. Nina swali langu la kumuuliza

Ami Twaha 18:50
Kufungua nitafungua. Lakini kumuuzia sitamuuzia, atazame tu kama mgeni yeyote. Na hata akinunua ni baada ya miezi, mvua haitangoja kadhi. Makuti ya upande wa kusi yataka kufungwa sasa, nilisema elfu tatu kila mtu

Zuhura 18:51
😩

Fatma Doha 18:58
Mimi natuma yangu na ya Nana. Nambari ya M-Pesa ni ile ile ami?

Mbarak 19:04
Zije kwa ami mwenyewe, zisipite kwa mtu

Swafiya 19:05
Mtu ana jina

Athman 23:52
✅

Swafiya 23:53
Athman hio ni ya kuuza, ya kisima au ya makuti?

Swafiya 23:58
Athman?

Jumapili

Ami Twaha 04:49
Mawingu yamefunga upande wa Manda. Nimepata turubai kwa jirani nataka kufunika kule juu kabla huyo mtu hajafika. Nani alichukua ngazi?