Kikundi cha familia, Kisumu: shule ya Lulu na Baraka

Baba Lulu: Hamjambo wote. Mkataba wa mama Lulu umethibitishwa. Miaka mitatu Kisian, karibu na Kisumu, utafiti wa malaria, tunatoka Liverpool mapema Agosti. Septemba Lulu anaingia mwaka wa 10 kwa hesabu ya Uingereza, Baraka wa 4. Natafuta shule Kisumu au karibu. Mtandaoni naona picha za mabwawa ya kuogelea tu. Nisaidieni kabla sijalipa ada ya usajili mahali.

Mama Imani: Karibuni nyumbani jamani! 🎉🎉 Braeburn iko hapa hapa Kisumu, mtaala wa Uingereza. Wenzangu kazini wana watoto huko.

Baba Mdogo wa Nakuru: Msisahau upande wetu. Greensteds iko nje kidogo ya mji, ina bweni. Na pale Turi, karibu na Molo, St Andrew's ipo tangu 1931. Kule ni baridi, hamtahangaika na mbu kama huko ziwani.

Akinyi: Niko na nyanya, nimemsomea. Anasema niandike hivi hivi: "Watoto wamekaa ng'ambo tangu wazaliwe. Sasa wanakuja, mnawapeleka Molo bweni? Mimi nitawaona lini?"

Baba Lulu: Mwambie mama asiwe na wasiwasi, Baraka haendi bweni. Lulu ndiye bado tunamfikiria.

Mama Imani: Swali langu mnisamehe. Kwani hawawezi kusoma CBC, mtaala wa Kenya, kama wetu? Karo ya hizo shule ni nzito, na bado kuna chakula, basi, sare, na ada ya mtihani kwa kila somo.

Shangazi Mwalimu: Mama Imani umeuliza swali zuri. Baraka anaweza. Bado mdogo, akipata mwalimu mvumilivu wa Kiswahili atashika. Lulu ndiye hapana. Rika lake hapa wako Gredi ya 9, wanafanya mtihani mwishoni mwa mwaka, halafu Januari wanaingia Gredi ya 10 kwa njia waliyochagua: sayansi, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Yeye aje Agosti, katikati ya mwaka, na Kiswahili cha lazima ambacho hajawahi kukisoma? Huko ni kumtesa.

Shangazi Mwalimu: Sasa Baba Lulu, weka simu chini uchukue karatasi. Wote mnazungumzia shule ipi. Mimi naangalia ule mkataba wa miaka mitatu.

Baba Lulu: Nakusikiliza Shangazi.

Shangazi Mwalimu: IGCSE, ile ya sekondari kwenye mtaala wa Uingereza, ni kozi ya miaka miwili, mwaka wa 10 na wa 11. Akianza Septemba, anaifanya mwaka wa pili wenu hapa, Mei na Juni. Vizuri kabisa. Baada ya hapo A Level, ya kuingilia chuo kikuu, nayo ni miaka miwili, wa 12 na wa 13. Hesabu sasa. Mkataba wa mkeo unaisha Lulu akiwa amemaliza wa 12. Nusu ya A Level! Mtamng'oa shuleni mwaka ule ambao vyuo vikuu vinamtazama?

Baba Lulu: Hilo hatukuliona kabisa. Tulikuwa tunafikiria kuingia tu.

Akinyi: Na shule zenye IB, ule mtaala mwingine wa kimataifa, je? Si ni vivyo hivyo?

Shangazi Mwalimu: Vivyo hivyo, na pengine ugumu unazidi. Diploma ya IB ni miaka miwili pia, masomo sita pamoja na insha ndefu, na alama zake hufika 45. Mtoto akiikatiza katikati, lazima apate shule nyingine ya IB yenye masomo yale yale. Kwa Cambridge, bodi ya mitihani ya Uingereza, kuna afueni kidogo: mwisho wa mwaka wa 12 anaweza kufanya mtihani wa AS, yaani nusu ya kwanza ya A Level, halafu sehemu iliyobaki akaikamilishe mwaka unaofuata katika kituo kingine cha mitihani. Lakini kiwe cha Cambridge. Akienda shule inayotumia bodi nyingine, silabasi hazilingani.

Baba Mdogo wa Nakuru: Ndiyo maana nilitaja Turi. Mwaka wa mwisho akae bweni, sisi wa Nakuru tuwe wenyeji wake wikendi za mapumziko. Mke wangu atafurahi.

Akinyi: Nyanya anasema kwa mwaka mmoja anakubali. Atakuwa msichana mkubwa wakati huo.

Mama Imani: Na mimi niongeze lililotupata, ili Lulu asipitie. Shule moja ilimchukua mtoto wa rafiki yangu, kwenye geti imeandikwa "International", kumbe haikuwa kituo cha mitihani. Wazazi walijua wakati wa kusajili mtihani. Msichana alifanyia mtihani kwenye ukumbi wa watu asiowajua, mbali na nyumbani. Alilia siku ya kwanza. Inauma mpaka leo.

Shangazi Mwalimu: Neno hilo yeyote anaweza kulipaka rangi getini. Ulizeni namba ya kituo, kisha mtafute jina la shule kwenye orodha ya Cambridge au Pearson, bodi nyingine ya Uingereza, wenyewe, iko wazi kwa kila mtu. Walimu nao wawe wamesajiliwa na TSC, tume ya walimu, hata kama shule ni ya binafsi. Sheria ndiyo hiyo.

Shangazi Mwalimu: Lulu bado anataka udaktari wa mifugo?

Baba Lulu: Zaidi ya jana. Ana daftari zima la ng'ombe wa nyanya.

Shangazi Mwalimu: Basi kemia na baiolojia hazina mjadala. Uliza kama A Level ipo na kama kemia inafundishwa kwa maabara, watoto wangapi darasani. Shule ndogo huweza kuwa na upendo mwingi lakini mwalimu wa kemia akiondoka, somo linakufa. Nataka pia umwulize mwalimu mkuu: mtoto akipata homa saa nne asubuhi, ni nani anampima? Hawa wamezaliwa pasipo malaria, miili yao haina kinga kama ya kina Imani.

Baba Lulu: Hilo mama Lulu ndilo swali lake la kwanza kila mahali 😊

Akinyi: La vibali msihangaike. Katiba ya 2010, kifungu cha 14: mzazi mmoja akiwa Mkenya siku mtoto anazaliwa, mtoto ni raia, hata akizaliwa Liverpool. Kile kibali cha mwanafunzi mgeni hakiwahusu. Ila paspoti zao za Kenya tuanze mapema, nitawasaidia. Na nyumba msikodishe kabla ya shule. Jam ya Kondele asubuhi itawamaliza watoto.

Mama Imani: Kiswahili je? Wasikae miaka mitatu wakijua "jambo" pekee.

Shangazi Mwalimu: Cambridge ina Kiswahili kwenye IGCSE. Lulu asikichukue mwaka wa kwanza, lakini Baraka nitamfundisha mwenyewe Jumamosi. Dholuo nyanya atamalizia.

Baba Lulu: Nimezungumza na mama Lulu sasa hivi. Kabla ya kutia sahihi ataomba mwaka wa nne uandikwe kwenye mkataba. Wakikataa, tunapanga Turi kwa mwaka wa 13 na tunaulizia nafasi mapema. Shangazi, unaweza kwenda kuona ile ya Kisumu?

Shangazi Mwalimu: Naenda Jumanne saa tatu, masomo yakiendelea. Siku ya maonyesho siitaki. Nitumie ripoti za Lulu za mwaka huu, niende nazo mkononi.

Baba Lulu: Nazituma usiku huu. Barua kwa mwajiri inaondoka kesho asubuhi.