Naomba ushauri: vyura wa sura moja, milio miwili

Wakuu, habari za jioni. Nipo Kampala, nachunguza vyura wadogo wa madimbwini, jenasi ya Phrynobatrachus, msitu wa Mabira. Kwa macho wote ni kahawia, hawafiki urefu wa kidole gumba changu. Lakini usiku ukitulia kando ya kijito unasikia milio miwili: mmoja unakwaruza mfululizo, mwingine unakatikakatika. Nashuku ni spishi mbili zilizojificha chini ya jina moja, na jambo hili linaninyima usingizi.

Sampuli za mwanzo ziliharibika. Maabara moja iliziweka kwenye formalini, kemikali ya kuhifadhia viumbe, nayo huharibu vinasaba. Iliniuma sana. Sasa nakata kipande kidogo cha ini na kukitia kwenye ethanoli ya asilimia 95.

Je, ili kutofautisha spishi hizo, jeni iitwayo 16S ya mitokondria (vijisehemu vya seli vyenye vinasaba vyake) pekee inatosha, au lazima niongeze jeni za kwenye kiini cha seli? Mitokondria hurithiwa kwa mama tu, kwa hiyo nikitegemea hiyo peke yake chotara atanipita. Na aliyewahi kupeleka sampuli nje ya Uganda, alianzia kuomba kibali Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia au Mamlaka ya Wanyamapori? Mvua za Septemba zinakaribia, naombeni mnisaidie mapema.