Mrejesho: katuni ya Cuphead, nimeamua

Aksanti bamama na bapapa mlionijibu. Niliuliza kama The Cuphead Show!, katuni ya mwaka 2022 iliyotokana na mchezo wa video wa Cuphead (2017), inafaa kwa kijana wangu wa miaka 9 na mdogo wake wa 5, maana ndani kuko Shetani.

Niliiangalia kwanza mwenyewe, kwa Kifaransa, watoto wakiwa wamelala. Shetani yupo kweli, tena tangu mwanzo: Cuphead, mhusika mkuu mwenye kichwa cha kikombe, anapoteza roho yake kwenye michezo ya uwanja wa burudani, na Shetani anaifuata. Ila anachekesha kuliko kutisha, mipango yake inamharibikia. Imewekwa kwa watoto wa miaka 7 kwenda juu, naona ni sawa. Kilichonisumbua ni Cuphead mwenyewe: anamvuta ndugu yake Mugman kwenye kila fujo, na mkubwa wangu hahitaji mwalimu wa hayo.

Basi mkubwa anaangalia, mimi nikiwa kando. Mdogo bado. Mchezo wenyewe nimeukataa. Humo ndugu hao wanacheza kamari na Shetani, kisha wanatumwa kumkusanyia mikataba ya roho za wadeni wake.

Koko yao (mzazi wetu) wa Kadutu, Bukavu, hataki hata kusikia. Akija Jumapili tunaweka mpira.