Bigijii imepakwa rangi! Viti vya treni ya chini ya ardhi na yule bwana wa "rangi ni rangi"

Wakuu, damu inachemka. Yule bwana mnamjua, hakuna haja ya kumtaja, kila aliyewahi kukanyaga karakana ya mabehewa anamjua. Kakabidhi behewa la miaka arobaini, anasema limekarabatiwa, ndani kila kitu kipya. Selotepu ikabandikwa kwenye mgongo wa kiti, ikasuguliwa kwa kucha, ikavutwa. Ikatoka na ngozi ya rangi pana kama kiganja. Chini yake kuna bigijii. Bigijii, wakuu! Bado ina alama za meno. Akaulizwa hii nini, akajibu: "Rangi ni rangi."

Rangi ni rangi!!! Hata paka angekalia kile kiti angepakwa rangi. Baada ya mwezi mmoja abiria wote watakuwa rangi ya chungwa na viti vitabaki uchi.

Kiti cha fibaglasi hakipakwi kama geti. Kwanza kinafunguliwa bolti zote, kinatolewa nje ya behewa. Kinaoshwa kwa sabuni ya kukata grisi, kinasuuzwa, kikikauka kinafutwa kwa spiriti, na kitambaa kinabadilishwa kila mara, maana kitambaa kimoja kwa viti kumi kinahamisha mafuta tu kutoka kiti hiki kwenda kile. Polishi yenye silikoni ikibaki, rangi inakimbia na kuacha vishimo vya mviringo kama macho ya samaki. Ndipo inakuja msasa: namba 180 kuvunja mng'ao, 320 kulainisha. Ukipiga msasa kabla ya kuosha, grisi unaizamisha ndani ya mikwaruzo na haitoki tena. Nyufa zinazibwa, inapigwa praima ya epoksi, halafu rangi ya poliurethani yenye hadena (dawa ya kuigandisha), mikono miwili myembamba, yaani tabaka mbili, unene wa mikroni 50 hadi 60 ikikauka (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita).

Yeye kapiga mkono mmoja mzito wa rangi ya mafuta, ile ya milango ya mbao, viti vikiwa vimefungwa palepale. Vichwa vya bolti vimezama, bisibisi haipati pa kushika. Na wasafishaji wa usiku wanatumia sabuni kali yenye alkali. Alkali inaila rangi ya mafuta, inaigeuza kuwa utelezi kama sabuni, kwa hiyo kiti kinaanza kunata. Juu ya bigijii. Yenye alama za meno. Halafu "rangi ni rangi"!

Msasa320: Mkuu, nakuunga mkono kwa asilimia mia. Ongeza na hewa. Unyevu ukizidi asilimia 85, weka bunduki ya kupulizia rangi chini. Uso wa kiti uwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya lile joto ambalo umande huanza kutua, la sivyo unapulizia maji yasiyoonekana. Karakana nyingi ziko chini, baridi, zina unyevu kama pango. Halafu hawangoji. Poliurethani ikikauka ukiigusa si kwamba imeiva, inahitaji kama siku 7 kwenye nyuzi 20. Wao wanafunga viti kesho yake asubuhi, jioni mkoba wa abiria umeacha mchoro.

Kipimo_Halisi: Mleta mada, povu lote hilo na hata kupima hujui. Selotepu peke yake si kipimo. Unakata miraba kwenye rangi kwa wembe, mistari 6 kwa 6, ndipo unabandika na kuvuta, unasoma daraja kuanzia 0 (haikubanduka) hadi 5 (mbovu kabisa) kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 2409. Na hizo mikroni unazitangaza kama amri kumi, wakati kila rangi ina karatasi yake ya maelekezo. Umepiga kelele kama umefiwa, kisa bigijii moja.

Mleta mada: Bigijii MOJA? Kiti kimoja kimevuliwa, imeonekana moja. Behewa lina viti vingapi? Na rangi iliyotoka na selotepu bila hata kukatwa miraba inahitaji wembe wa nini? Daraja lake ni aibu! Mtu anaona alama za meno kwa macho yake anasema rangi ni rangi!

Kizimamoto: Mnagombania mng'ao. Moto je? Tarehe 18 Februari 2003, Daegu, Korea Kusini, moto uliwashwa ndani ya treni moja, treni nyingine ikaingia kituoni nayo ikashika, watu 192 wakafa. Viti, sakafu na bitana za ndani zililisha moto ule. Baada ya pale vifaa vya ndani vikaanza kubadilishwa kwa visivyoshika moto. Kuna viwango vya usalama wa moto kwenye treni, Ulaya EN 45545-2 na Marekani NFPA 130, na kinachopimwa ni kiti pamoja na rangi yake, moshi wake na sumu ya moshi huo. Ukiongeza tabaka juu ya tabaka za zamani umeongeza kuni. Kopo kuandikwa "haishiki moto" hakutoshi.

Pumzi_Safi: Na kabla ya kugusa msasa, behewa la zamani lipimwe asbesto na madini ya risasi kwenye rangi. Kusugua rangi ya risasi pakavu ni kuwalisha sumu mafundi. Hadena za poliurethani zina isosianeti, kemikali inayodhuru mapafu, barakoa ya kitambaa ni pambo tu. Inatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba.

Sakafu_Kwanza: Viti viti viti! Hakuna anayetazama chini? Mlangoni maji ya mvua na ya deki yanapenya kwenye kizingiti, plaiwudi inaoza, wao wanabandika mpira mpya wa sakafu juu ya uozo. Wiki mbili, mapovu. Miezi miwili, kisigino cha mama wa watu kimezama.

Moketi: Plastiki ndiyo tatizo lenyewe. London wanakalia moketi ya sufu, kitambaa kizito chenye manyoya mafupi, haitelezi na haionyeshi kila doa.

Pumzi_Safi: Sufu inakunywa kila kitu kinachomwagika. BART, treni za eneo la San Francisco, ilikuwa na viti vya sufu na zulia sakafuni, wakaishia kuviondoa na kuweka vinili inayofutika.

Taa_Kali: Nani kaidhinisha taa za LED nyeupe ya bluu? Watu wanaonekana maiti. Kelvini 4000, kipimo cha rangi ya mwanga, inatosha. Na nguzo za kushikia zitofautiane rangi na ukuta, asiyeona vizuri aone pa kushika. Kupaka kijivu juu ya kijivu ni ukatili.

Msasa320: Sakafu_Kwanza, kwenye kizingiti unafungua bamba la chuma au unakata mpira kulizunguka?

Sakafu_Kwanza: Unafungua! Kata plaiwudi hadi ufike mbao ngumu inayogoma kutobolewa kwa bisibisi, weka kipande kipya, ziba kingo zake kwa epoksi pande zote sita. Mpira upite chini ya bamba, bamba lirudi juu na silanti mbichi, skrubu za chuma kisichopata kutu. Anayekata kuzunguka anaacha mfereji wa maji.

Taa_Kali: Gundi ya kubandikia mpira ni ya aina gani?

Sakafu_Kwanza: Ile ya sehemu mbili, ipakwe kwa mwiko wenye meno, halafu pitisha rola nzito kutoka katikati kwenda pembeni.