Kombe la kriketi la ova 50 la kaunti huku Uingereza wamelifanya makombo, na leo nasema yote

Wakuu, heshima zenu. Mods, naombeni msiunganishe uzi huu na ule wa Kombe la Dunia. Najua vinagusana, lakini mimi nina la kwangu na nimelibeba tangu mwezi wa nane.

Jumamosi tarehe 11 Novemba 2023 England walimaliza safari yao ya Kombe la Dunia la kriketi kule India. Wamewafunga Pakistan kwa mikimbio 93 (mikimbio ndiyo alama za kriketi) pale Kolkata, wakati nusu fainali imeshawapita zamani. Bingwa mtetezi kashika nafasi ya saba kati ya timu kumi. Mechi tisa, kashinda tatu. Afghanistan wamewafunga kwa 69 kule Delhi, Afrika Kusini wamewachapa kwa 229 Mumbai, India wamewatoa wapigaji wao wote wakiwa na 129 tu Lucknow. Tangu hapo huku ni swali moja tu kwenye redio na magazeti: imekuwaje? Mara umri umekwenda, mara nahodha Buttler kachagua vibaya baada ya kurusha sarafu, mara joto. Nimesikiliza mpaka masikio yamechoka, na hakuna aliyenitajia mwezi wa nane.

Mwezi wa nane ndipo wanapolichezesha kombe la ova 50 la kaunti (ova moja ni mipira sita). Na mwezi huohuo wameweka The Hundred, mashindano mapya ya mechi fupi za mipira 100.

Kwa wasiofuatilia, kaunti 18 (timu za mikoa ya huku) hugombea kombe la mechi za siku moja. Lilianza 1963 likiitwa Gillette Cup, wakati huo kila upande ulipewa ova 65, na Sussex ndio wa kwanza kulibeba, waliwafunga Worcestershire kwenye uwanja wa Lord's, London. Jina limebadilika kila mdhamini alipobadilika: NatWest, C&G, Friends Provident, Royal London, na mwaka 2023 Metro Bank. Lakini fainali ilibaki Lord's. Miaka nenda rudi, kaunti ndogo isiyo na kitu ilijua kuna siku moja inaweza kutoka kwao na mabasi, ikaingia Lord's kama mtu mzima. Kriketi ya siku moja ya dunia nzima, hata Kombe la Dunia lenyewe la 1975, mizizi yake ni hapo. Fainali ya mwisho Lord's ilikuwa Mei 2019, Somerset wakawafunga Hampshire. Mwaka 2020 korona ikalifuta kombe. Mwaka 2021 ECB, bodi ya kriketi ya England na Wales, wakaleta The Hundred, timu nane, mipira 100 kwa kila upande, wakaipa wiki bora za kiangazi, watoto wamefunga shule na jua linachelewa kuzama. Wachezaji zaidi ya mia wanatolewa kwenye kaunti zao wanapelekwa huko. Wanaobaki ndio wanacheza kombe. Fainali wakaihamishia uwanja wa Trent Bridge, Nottingham.

Nitawaeleza nilichokiona kwa macho yangu, maana mimi naishi Leicester na uwanja wa Grace Road wa kaunti yetu ya Leicestershire ni mwendo wa basi moja kutoka kwangu.

Nafanya kazi za usiku. Asubuhi nikitoka, siku yenye mechi silali, nampitia mzee mmoja jirani yangu tunakwenda wote. Mzee huyu ni Mhindi aliyezaliwa Mwanza, alikuja huku baada ya nyumba kutaifishwa mwaka 1971, na Kiswahili chake kinanizidi mimi niliyekulia Upanga. Nikigonga mlango naamkia, "Shikamoo mzee," anajibu "Marahaba kijana wangu, chai umebeba?" Chai nabeba mimi, chapati analeta yeye. Na analeta daftari lake la mikimbio, penseli mbili na kifutio kilichoisha nusu. Mwaka 1975 alisafiri mpaka Edgbaston kuiona timu ya Afrika Mashariki ikicheza na New Zealand kwenye Kombe la Dunia, vijana kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Siku ile Glenn Turner alipiga 171 bila kutolewa. Mzee anayo bado karatasi ya siku hiyo, kaiandika mwenyewe mpira kwa mpira.

Basi mwaka 2023, mtu huyu aliyeandika majina ya wachezaji wa kaunti zaidi ya miaka hamsini, alikuwa ananigeukia kila baada ya wiketi, yaani mpigaji akitolewa: "Huyu anayeingia nani? Nisomee ubao." Si kwamba macho yamekwisha. Majina ndiyo hayajui. Kaunti inaleta timu ya vijana wa kikosi cha pili, wengine wameitwa wiki hiyohiyo, kwa sababu wenyewe wapo kwenye The Hundred. Yule kijana wetu Rehan Ahmed, aliyecheza Test (mechi ya mataifa ya siku tano) kule Karachi Desemba 2022 akiwa na miaka 18 na kuchukua wiketi tano, mtoto ambaye Leicester nzima ingejaa kumwangalia, mwezi wa nane alikuwa na Southern Brave ya The Hundred. Nimeona watoto wa Kihindi, wa Kipakistani na Wasomali getini wamevaa jezi zao, wanauliza kama Rehan yupo. Hayupo. Walimtazama kwenye televisheni akiwa na jezi ya timu ya Southampton.

Nisieleweke vibaya kuhusu waliobaki, kwa sababu hapo ndipo hasira yangu inapozidi. Waliobaki walicheza kriketi ya kutoa machozi. Tarehe 9 Agosti pale Northampton, Prithvi Shaw wa Northamptonshire aliwapiga Somerset 244 kwa mipira 153. Mikimbio 244 ya mtu mmoja! Ingekuwa kwenye msimu wenye heshima, watu wangekuwa wanaisimulia mpaka leo. Ilipita kama habari ya mbwa kupotea.

Na sisi Leicestershire tukaongoza kundi letu, tukawatoa Gloucestershire kwenye nusu fainali hapahapa Grace Road, tukaenda fainali na Hampshire. Jumamosi tarehe 16 Septemba. Nikampeleka mzee Nottingham kwa treni, tukashuka, tukavuka mto Trent kwa miguu polepole kwa sababu ya goti lake. Tulipokaa, mambo yakaharibika papo hapo. Mikimbio haijafika mia, wiketi sita zimekwenda. Mzee akafunga daftari. Nikamwambia mzee fungua, bado.

Akaingia Harry Swindells, mlinda wiketi, akiwa na Sam Evans. Hawakurusha magongo hovyo. Walichukua mmoja mmoja, wawili wawili, ova baada ya ova, wakiusogeza mpira kwenye nafasi tupu, mpaka uwanja mzima ukaanza kuhesabu nao. Evans akafika 60. Swindells akamaliza na 117 bila kutolewa, mara yake ya kwanza kuvuka mia kwenye mechi ya ova 50. Jumla 267 kwa wiketi saba. Hampshire wakaifukuza jumla hiyo mpaka ova ya mwisho wakihitaji mikimbio minane. Akapewa mpira mrushaji wetu Josh Hull, mrefu kama mnazi, alikuwa na miaka 19. Mzee alinishika mkono akaukaza. Wakapata mitano tu. Tumeshinda kwa mikimbio miwili. Kombe la kwanza la aina hii kwa Leicestershire tangu 1985. Niliangalia pembeni nikamkuta mzee analia huku anaandika, herufi zinakwenda juu na chini.

Sasa niambieni. Ile kazi ya Swindells, kuingia timu imevunjika, kukaa muda mrefu, kuchagua mpira gani uuache na upi uuguse, kujua mrushaji gani zimebaki ova ngapi kati ya kumi zake, hiyo unajifunzia wapi? Kwenye mechi ya mipira 100 haipo. Huko mrushaji anarusha mipira 20 kisha kazi yake imekwisha. Mpigaji akipiga 30 kwa mipira 12 kapongezwa, katoka, kakaa kwenye kivuli. Mchezo wa ova 50 una tumbo lake, ile sehemu ya ova ya 11 mpaka ya 40, na hapo ndipo England walipokuwa wanachanganyikiwa India kila mechi. Wanapoteza watatu, wanaendelea kupiga kama vile mipira imebaki kumi. Mwezi wa nane Buttler alikuwa Manchester Originals, Moeen Ali na Livingstone walikuwa Birmingham Phoenix, Sam Curran alikuwa Oval Invincibles, zote timu za The Hundred. Wapya wanaotakiwa kuwarithi nao wako hukohuko. Mwaka 2019 kombe la kaunti lilichezwa Aprili na Mei, fainali siku tano tu kabla Kombe la Dunia halijaanza, na mwezi wa saba England wakawa mabingwa palepale Lord's. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee. Nasema nchi nzima ilikuwa inacheza ova 50 msimu huo, kuanzia mtoto wa akademi mpaka nahodha.

Mtaniambia The Hundred inaleta pesa. Najua. Mwaka 2023 kila kaunti ilikuwa inapata kama pauni milioni 1.3 kwa mwaka, na kuna kaunti zisingelipa mishahara bila hizo. Mtaniambia imewainua wanawake. Kweli kabisa, binti yangu kapenda kriketi kwa ajili hiyo na siwezi kumkatalia. Lakini hakuna kati ya hayo linalolazimisha kombe la ova 50 liwekwe mwezi uleule, wiki ileile, saa ileile. Huo ni uamuzi. Kuna watu walikaa mezani na kalenda wakaona mashindano ya tangu 1963 ndiyo ya kusogezwa ukutani.

Na msiniambie vijana wamepata nafasi. Hull kapata, ndiyo, na mimi nimefurahi kuliko nyote. Lakini kijana anajifunza kwa kurushiwa mpira na aliyekomaa. Ukiwatoa wakubwa wote pande zote mbili, unabaki na wanafunzi wanasahihishana madaftari.

Hili nalisema nikiwa mtu wa Afrika Mashariki, ndiyo maana linaniuma mara mbili. Sisi tumeshaona mwisho wake. Mwaka 2003 Kenya walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Collins Obuya aliwachukulia Sri Lanka wiketi tano kwa mikimbio 24 pale Nairobi, Warwickshire wakamsajili mwaka uleule, akaja kucheza kwenye kaunti hizihizi ninazozilia. Timu ya nahodha Steve Tikolo ilikuwa inaombewa hadhi ya Test. Nyumbani ligi ikaachwa bila matunzo, viongozi wakagombana, na kufika 2014 Kenya wamevuliwa hata hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja. Miaka kumi na moja tu. Wenye Test, wenye Lord's, wenye mamilioni, wanadhani ya Kenya hayawezi kuwafika kwa sababu wao ndio waliuleta mchezo. Timu ya taifa inakula kinachopikwa nyumbani, na jikoni kwao mwezi wa nane hakuna moto.

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana. Lirudisheni kombe mwezi wa tano au wa sita wachezaji wote wakiwepo. Ikishindikana, basi robo fainali na kuendelea zichezwe The Hundred ikiwa imekwisha kabisa, na kila kaunti iruhusiwe kuwatumia watu wake. Na fainali irudi Lord's, Jumamosi. Trent Bridge ni uwanja mzuri, wametupokea vizuri na sina ugomvi nao, lakini Swindells alistahili kutembea ngazi zile za Lord's na gongo lake juu, kama walivyotembea wenzake wa 2019.

Nimeshaandika barua kwenye kaunti yangu kama mwanachama anayelipa ada. Naomba na nyinyi mlioko Birmingham, Nottingham na London mwandike kwenye zenu, kabla ratiba ya mwakani haijatoka. Na kama kuna mdau yeyote aliyekuwepo Northampton siku ya Shaw, tafadhali aweke hapa alichokiona, hata kwa kifupi. Mzee anataka kuiandika ile 244 kwenye daftari lake mpira kwa mpira, na kwenye mtandao kakuta vipande vya nne na sita tu.