Magari yananipita karibu mno nikiwa kwenye baiskeli. Nikae wapi barabarani?

PedeliMbili:
Wadau, salaam. Naomba ushauri kwa wanaoendesha baiskeli kila siku katikati ya magari.

Njia yangu ni kilomita 9 kwenda kazini na 9 kurudi. Ni lami yenye leni moja kila upande, na hakuna njia ya baiskeli. Kuna kipande chenye magari yameegeshwa kando, kisha kipilefti kimoja kabla ya kufika. Mimi najibana pembeni kabisa, tairi iko kama sentimita 20 kutoka mwisho wa lami, ili nisimzuie mtu. Pamoja na hayo magari yananipita karibu kiasi kwamba saitimira inakaribia kunigusa kiwiko.

Nikae umbali gani kutoka ukingoni? Kioo cha kuonea nyuma kina faida? Baiskeli ni ya kawaida, tairi za mm 28, breki za raba zinazobana ringi. Uzito wangu ni kilo 75. Natanguliza shukrani.

LeniYangu:
Mkuu, tatizo ni hizo sentimita 20. Tupige hesabu. Chukua leni ya mita 3. Tairi yako iko sentimita 20 kutoka ukingoni, na nusu ya usukani ni sentimita 30, kwa hiyo mwili wako unaishia sentimita 50. Zimebaki mita 2.5. Gari dogo likiwa na saitimira zake lina kama mita 2. Dereva anatazama, anaona anatosha, anapenya bila hata kugusa mstari wa katikati. Nafasi inayobaki kati yenu ni sentimita 50, tena hapo awe ameubana huo mstari vizuri.

Sasa sogea mita 1 kutoka ukingoni. Mwili unaishia mita 1.3, imebaki mita 1.7, na gari halitoshi. Dereva analazimika kuvuka mstari, na akishaamua kuvuka mara nyingi huvuka kweli, maana hakuna faida ya kuvuka nusu. Na akija yule asiyejali, una mita nzima ya kukimbilia upande wa ukingo. Ulipo sasa huna pa kukimbilia ila mtaroni.

Ukingoni penyewe pana shida zake: mchanga, vioo, lami iliyolika. Gurudumu likidondoka chini ya lami usijaribu kurudi kwa kulisugua kwenye ule ukuta mdogo. Tairi ya mbele itang'ang'ania hapo na wewe utaangukia upande wa magari. Punguza mwendo, simama, nyanyua baiskeli, endelea.

Kwa hiyo mita 1 ndiyo ya kawaida. Kati ya leni unakaa pale ambapo kupitwa ni hatari kwa vyovyote vile: daraja jembamba, kona isiyoonyesha mbele, na mita 20 hadi 30 kabla ya makutano. Hapo kwenye makutano ndipo dereva anapokuovateki halafu anakunja mbele yako.

Soma pia sheria ya nchi yako. Ujerumani tangu 2020 gari likipita baiskeli linatakiwa kuacha mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji. Ufaransa ni mita 1 mjini na 1.5 nje.

Mwendo_Pole:
Napinga kidogo. Kukaa kati ya leni kunamfaa mwenye mwendo. Mtu wa kilomita 15 kwa saa kwenye barabara ya magari ya 80 akikaa katikati anajitafutia ajali ya kugongwa kwa nyuma.

LeniYangu:
Hapo umesema kweli, na nilipaswa kuligusa. Ninayoyasema ni ya barabara za mjini, magari yakiwa kwenye 30 hadi 50. Gari la 80 linasafiri zaidi ya mita 22 kwa sekunde. Likikukuta nyuma ya kona, dereva hana muda wa kufikiri. Barabara ya namna hiyo kama ina bega la lami, yaani ule ukanda wa lami ulio nje ya mstari wa pembeni, kaa begani. Kama haina, tafuta njia nyingine hata ikizidi kilomita 2.

Saitimira:
Kwenye kile kipande cha magari yaliyoegeshwa, hesabu inageuka: ukingo wako sasa ni ubavu wa magari. Mlango ukifunguliwa wote hutoka karibu mita 1. Ongeza nusu ya usukani, utaona tairi inatakiwa iwe mita 1.3 hadi 1.5 kutoka kwenye magari hayo. Mlango ukigusa ncha tu ya usukani, usukani unageukia huko huko mlangoni na mwili wako unarushwa upande wa pili, yaani leni ya magari. Hii inaweza kukuumiza kuliko mlango wenyewe.

Tazama mbele: kichwa ndani ya siti ya dereva, taa za breki zilizozimika sasa hivi, tairi za mbele zilizokunjwa kutoka. Na nafasi tupu ikitokea kati ya magari mawili, usiingie humo. Unapotea machoni pa wanaokuja nyuma, halafu baada ya sekunde 3 unachomoka mbele yao.

Kioo ni kizuri, ila kinakuambia kuna nini nyuma tu. Kugeuza shingo kunakuonyesha na upande, tena dereva wa nyuma akiona uso wako anajua unataka kufanya kitu. Shida ya wengi ni kwamba shingo ikigeuka, mkono nao unavuta usukani. Jifunze kwenye uwanja wenye mstari uliochorwa: legeza viwiko, geuka, soma kitu kilicho nyuma, rudi. Ukiweza mara 10 bila tairi kuacha mstari, nenda barabarani. Mpangilio ni huu: geuka utazame, nyoosha mkono sekunde 2 au 3, rudisha mkono kwenye breki, tazama tena, ndipo usogee. Usikunje ukiwa bado mkono uko hewani.

DerevaLori:
Niongee kwa upande wa kiti cha dereva. Usiingie kati ya lori na ukingo, hata likiwa limesimama kwenye taa na nafasi ikionekana pana kama uwanja. Lori likikunja, magurudumu ya nyuma hayafuati nyayo za mbele, yanakata ndani ya kona. Ile nafasi pana inakuwa haipo tena, na kutoka juu kule dereva haoni kilicho chini ya dirisha la abiria. Kaa nyuma. Kama huuoni uso wake kwenye saitimira, jua naye hakuoni.

Madogo nayo yana upofu wake. Ile nguzo ya pembeni ya kioo cha mbele inaficha baiskeli nzima. Gari likiwa linakuja kutoka barabara ya pembeni nanyi mnakaribia makutano kwa mwendo unaolingana, unaweza kubaki nyuma ya nguzo ile ile muda wote. Ndiyo maana dereva anaapa kwamba alitazama, na kweli alitazama. Jisogeze kidogo ndani ya leni, kushoto au kulia, utoke kwenye kivuli hicho.

Usitegemee macho ya dereva. Tazama tairi yake ya mbele. Sehemu ya juu ya tairi husogea kwa kasi mara mbili ya gari lenyewe, kwa hiyo utaona inaanza kuzunguka kabla hujaona boneti ikisogea.

FundiSpoku:
Wakuu wamemaliza ya barabarani, nije kwenye chombo.

Upepo: kwa kilo 75 na tairi ya 28, anza na PSI (kipimo cha mgandamizo wa upepo kwenye pampu) 75 nyuma na 65 mbele, usivuke kiwango kilichoandikwa ubavuni. Pima kila wiki, tyubu nyembamba hupoteza upepo zenyewe. Ukikuta pancha yenye matundu mawili madogo yaliyo sambamba, usitafute mwiba. Upepo ulikuwa mdogo, ukapiga shimo, tyubu ikabanwa kati ya shimo na ringi.

Breki: vuta kwa nguvu zako zote. Mkono wa breki ukigusa usukani, waya umelegea. Zungusha kile kirekebishio cha waya (kijinati kilicho pale waya unapoingia kwenye breki) kinyume cha saa mpaka ubaki upana wa vidole viwili. Tazama raba: mifereji ikiisha, badilisha. Iguse ringi tu. Ikigusa tairi itaikata ubavu. Chokoa kokoto zilizonasa kwa ncha ya pini, zinakula ringi.

Mvua ikinyesha, breki hizi hazishiki mara moja. Lazima raba zifute maji kwanza, kwa hiyo bana kidogo kidogo mapema kuliko siku kavu. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha, kwa sababu uzito unahamia mbele. Ya nyuma peke yake inaburuza tairi tu. Tumia zote mbili na sogeza makalio nyuma ya kiti. Ukiwa umelala kwenye kona usiibane ya mbele.

Usiku: taa nyeupe mbele iinamishwe isimpofue mtu, nyekundu nyuma. Na ufunge utepe unaoakisi mwanga kwenye vifundo vya miguu. Utepe huo hupanda na kushuka pamoja na pedeli, dereva anatambua ni mtu mapema kuliko fulana ing'aayo iliyotulia.

PedeliMbili:
Asanteni sana. Mawili bado: kipilefti, na nikikaa kati ya leni halafu anayenifuata akapiga honi?

LeniYangu:
Kipilefti cha leni moja: chukua katikati ya leni kabla hujaingia, ubaki hapo mpaka utoke. Ukizungukia ukingoni, anayetoka atakukata, na anayeingia hatakuhesabu. Nyoosha mkono ukikaribia kutoka, kama lami inaruhusu kuachia usukani. Kikiwa cha leni mbili na magari yana kasi, shuka uvuke kwa miguu kwenye kivuko. Utapoteza dakika moja.

Honi: usiyumbe, usigeuke kwa hasira. Aliyepiga honi amekuona, anayenitisha mimi ni yule aliye kimya. Shika mstari wako, nyanyua mkono kidogo ajue umemsikia, na pakipanuka rudi kwenye mita 1 umpishe. Wakijipanga watatu au wanne nyuma yako na barabara haipanuki, tafuta mahali salama, simama sekunde 10, wapite wote.